KILA NDEGE HURUKA KWA UBAWA WAKE

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na wale walioomba kuyasoma tena.)

  Popote ulipo asubuhi hii, jikoni ukichemsha chai, au kitandani ukiwa mgonjwa, au njiani ukielekea kazini, nakusihi unipe muda wako kidogo, maana leo nataka tuzungumze habari za mtoto.

Simsemi mtoto mtundu, wala mtoto mtoro. Namsema mtoto yule ambaye ukimsimulia habari za Danieli jioni, asubuhi atakusimulia zote na kuongeza maswali ambayo wewe mwenyewe hukuyafikiri. Redio ikinyamaza, yeye ndiye anayeifungua na kuitengeneza. Lakini ukimpa kitabu cha darasa la pili, naye yuko darasa la tano, anatoka jasho. Anakazia macho mstari. Neno la kwanza analitaja kwa shida, la pili analikisia, la tatu analiruka. Penye “dada” anasoma “baba”. Neno alilolisoma vizuri katika mstari wa juu, akilikuta katika mstari wa chini ni geni kwake, kana kwamba hajapata kuliona tangu azaliwe.

Je, nyumbani tumezoea kumwita mtoto huyo nani? Tunamwita mvivu. Tukikasirika zaidi tunamwita mjinga. Shuleni wenzake wanamcheka. Tena wako Wakristo, watu wa kwenda kanisani kila Jumapili, wanaosema kwamba mtoto huyo ana pepo, au kwamba amelogwa na jirani. Na mtoto anasikia yote haya. Masikio yake hayana ugonjwa. Mwisho anayaamini. Akifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anaona heri kuacha shule kuliko kuaibika kila siku, naye anaondoka akiwa na akili nyingi ambazo hakuna mtu aliyezitafuta.

Ndugu msikilizaji, ikiwa nyumbani mwako yumo mtoto wa namna hii, maneno ya leo ni yako.

SI UVIVU, WALA SI PEPO

Shida hii ina jina. Inaitwa disleksia, na imejulikana kwa muda mrefu. Tarehe 7 Novemba 1896, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapa maelezo ya daktari mmoja, W. Pringle Morgan, wa mji wa Seaford. Daktari huyu alikuwa ameletewa kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Tangu alipokuwa na miaka 7 kijana huyo alikuwa amefundishwa shuleni na kwa walimu wa nyumbani, na walimu walijitahidi sana, lakini alisoma kwa taabu hata maneno ya silabi moja. Alipoandika jina lake mwenyewe aliligeuza herufi, akaandika “Precy”, wala hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja.

Basi utadhani kijana huyu hakuwa na akili. Lakini daktari alimpa hesabu ya kuzidisha 749 kwa 867, naye akaifanya upesi na bila kosa. Jaribu wewe hesabu hiyo bila kutumia simu, uone. Na mwalimu aliyemfundisha miaka kadhaa alikuwa na neno moja la kusema: kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo tu, kijana huyu angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni.

Fikiri jambo hilo. Mtoto yule yule, akili ile ile. Akifundishwa kwa karatasi ni wa mwisho. Akifundishwa kwa mdomo ni wa kwanza. Je, kilicho na kasoro ni akili yake, au ni ile njia moja tuliyomlazimisha kuipita?

Tangu siku zile wataalamu wamechunguza sana. Wameona kwamba kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kujifunza kusema kwa kusikia tu watu wa nyumbani, lakini hakuna mtoto azaliwaye akiwa msomaji. Kusoma ni kazi ya kufundishwa. Ubongo hauna budi kuunganisha sauti isikiwayo na alama iandikwayo. Kwa mwenye disleksia, kuunganisha huko ndiko kunakokuwa kugumu. Si shida ya macho, wala si ya akili kwa jumla. Mara nyingi hurithiwa: ukimwona mtoto ana shida hii, huenda baba yake, au shangazi yake, alikuwa nayo pia. Na tusidhani ni jambo la watu wachache. Wataalamu wengi hukadiria kwamba katika kila watu 100, kati ya 5 na 10 wana shida ya namna hii, wengine kidogo, wengine sana. Basi ikiwa shule yako ya Jumapili ina watoto 100, yaelekea watano wao au zaidi wanaketi mbele yako wakiomba moyoni wasiitwe kusoma kwa sauti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hatukemei pepo ambaye hayupo. Wala hatumpigi mtoto kwa sababu ya jambo ambalo hakulichagua. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Haifai virudi kwa mlango wa nyumbani, wakati wa kazi ya ziada ya jioni.

SHULE YA KWANZA NI NYUMBA

Labda utauliza, “Mchungaji, mimi si mwalimu. Kufundisha ni kazi ya shule. Nitafanya nini?”

Nami nakujibu kwamba nyumba ni shule ya zamani kuliko shule zote. Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Pale Musa anawaagiza wazazi wawafundishe watoto wao amri za Mungu. Lakini angalia aliwaagiza wawafundishe wapi. Waketipo nyumbani. Watembeapo njiani. Walalapo na waamkapo. Tena wafunge alama mkononi, na waandike juu ya miimo ya mlango. Hapo pana kusikia, pana kusema, pana kutembea, pana kushika kwa mkono, na pana kutazama. Mtoto aliyefundishwa hivyo alijifunza kwa mwili wake wote, wala si kwa macho peke yake.

Kisha soma Yoshua sura ya 4. Watu walipovuka Yordani waliagizwa kuchukua mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha, ili siku moja watoto wayaone, waulize ni mawe gani haya, na baba zao wawasimulie. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa kitabu chao. Hata mtoto asiyejua herufi aliweza kuyagusa na kuuliza. Na Timotheo je? Imani yake Paulo aliifuata nyuma mpaka kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, watu wa nyumbani mwake.

Sisi wa Kenya tulikumbushwa jambo hili kwa nguvu mwaka 2020. Mwezi wa Machi mwaka ule shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio, na kila sebule ikageuka darasa. Wazazi ambao hawakuwa wamefungua daftari la mtoto kwa miaka mingi waliketi naye meza moja. Wako waliogundua wakati ule kwamba mtoto wao hasomi, bali anakariri maneno aliyoyasikia kwa wenzake.

Na sisi wa Kanisa la Kianglikana tunao mfano ambao haufai kusahauliwa. Katika kijiji cha Epworth, Uingereza, aliishi mke wa kasisi aliyeitwa Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley. Mungu alimpa watoto 19, ingawa wengi wao walikufa wangali wachanga. Waliobaki aliwafundisha mwenyewe nyumbani, tangu saa tatu hadi saa sita, na tena tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Mtoto alipotimiza miaka mitano alipewa siku moja ya kujifunza herufi zote, na kesho yake akaanza kusoma Mwanzo sura ya kwanza.

Watoto wake karibu wote walizijua herufi katika siku ile moja. Lakini wasichana wawili, Molly na Nancy, walichukua siku moja na nusu. Mama yao aliwaona kuwa wazito wa akili. Hata hivyo, alipomwandikia John barua mwaka 1732, alisema kwamba baadaye aliona jinsi watoto wengi wanavyochukua muda mrefu kujifunza herufi hizo hizo, akabadili mawazo yake. Tunaona basi kwamba hata mwalimu hodari kama yule aliweza kumhukumu mtoto kwa nusu siku tu ya kuchelewa. Na sisi, je, tunawahukumu watoto wetu kwa kipimo gani?

Ziko habari nyingine mbili za mama huyu ninazozipenda. Ya kwanza, John alimkumbuka baba yake akimwuliza mama, anapataje uvumilivu wa kumwambia mtoto jambo moja mara ishirini. Mama akajibu kwamba kama angaliacha kwenye mara ya kumi na tisa, kazi yake yote ingalipotea bure. Ya pili, aliwatengea watoto jioni zao katika juma, azungumze nao mmoja mmoja. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Si yote ya nyumba ile tutakayoyaiga, maana alikuwa mkali wa fimbo, na fimbo yake tuiache huko huko. Lakini ile mara ya ishirini, na ile jioni ya Alhamisi, tuzichukue. Mwalimu wa shule mwenye watoto sitini darasani hana nafasi ya mara ya ishirini. Wewe mzazi unayo.

TUANZE WAPI?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitataja mambo sita. Ukiweza, chukua kalamu uandike. Na ikiwa kuandika ni taabu kwako, mwite mtoto asikilize pamoja nawe.

La kwanza, anza kwa masikio. Kabla ya herufi huja sauti. Jioni stima ikipotea, au mkiwa mnachambua maharagwe, cheza na mtoto mchezo wa maneno. Piga makofi kwa kila silabi: ka-la-mu, makofi matatu, nyu-mba, makofi mawili. Mwulize, “Nitajie vitu vitano vinavyoanza kwa sauti ma.” Mwulize, “Ukiondoa ka katika kalamu, unabaki na nini?” Mchezo huu hauna kitabu na hauna gharama, lakini ndio msingi wa kusoma.

La pili, tumia mkono. Katika miaka ya 1920 na 1930, huko Marekani, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walianza kuwafundisha watoto wa namna hii kwa kuunganisha macho, masikio na mkono kwa wakati mmoja, hatua kwa hatua, na njia yao inafuatwa na wengi mpaka leo. Mtoto aione herufi, aitamke sauti yake, na papo hapo aiandike kubwa kwa kidole. Wewe huhitaji vifaa vya kununua. Mwaga mchanga au unga kidogo juu ya sinia. Au mpe kijiti aandike ardhini uani. Ukikanda unga wa chapati, mkatie kipande afinyange herufi s, kisha ipikeni muile. Jambo ambalo mkono umelifanya mara nyingi, kichwa hakilisahau upesi.

Na zile herufi mbili zinazowasumbua wengi, b na d, usizifundishe siku moja. Fundisha b mpaka izoeleke kabisa, majuma mawili au matatu, ndipo ulete d. Kisha mwonyeshe njia hii: akunje ngumi zote mbili mbele ya kifua, viganja vikimwelekea yeye, vidole gumba vikisimama juu. Mkono wa kushoto unafanya umbo la b, wa kulia unafanya d. B ya baba kushoto, d ya dada kulia. Akisahau katika mtihani, ngumi zake anazo. Hakuna atakayemnyang'anya.

La tatu, anza na lugha ambayo maandishi yake ni ya kweli. Namshukuru Mungu kwa Kiswahili. Herufi a husomwa a popote uikutapo. Ba, be, bi, bo, bu, ukizijua umezijua. Kiingereza si hivyo: herufi moja hubeba sauti nyingi, na nyingine huandikwa wala hazitamkwi. Mtoto mwenye disleksia akianzishwa kwa Kiingereza amepandishwa mlima kabla ya kujua kutembea. Mwanzishe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani ikiwa huandikwa kwa urahisi. Akishika silabi nyepesi, ndipo umletee mba, ndo, nya na ng'o. Lakini neno moja la tahadhari: katika lugha kama yetu, mtoto huyu mara nyingi hufika mahali pa kusoma bila makosa, ila anasoma polepole sana. Usiseme basi amepona, sasa ashindane na wenzake. Bado anahitaji muda zaidi.

La nne, kidogo kidogo, kila siku. Dakika kumi na tano kila jioni zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi zinazoishia kwa machozi. Haba na haba hujaza kibaba. Anza na jambo analolijua, ongeza jipya moja tu, kisha maliza na jambo analoliweza, ili ainuke mezani akiwa na furaha. Wala usimwandikishe neno moja mara mia kama adhabu. Akiliandika vibaya mara mia, amejifunza kosa mara mia.

La tano, usiufungie ujuzi ndani ya kusoma. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasema, “Kwanza ajue kusoma, ndipo ajifunze mengine.” Miaka inapita. Wenzake wamejifunza habari za mvua, na mifupa, na historia ya nchi, naye yungali kwenye ba be bi. Msomee wewe. Au mwombe dada yake amsomee, naye ajibu kwa mdomo. Simu iliyo mfukoni mwako yaweza kurekodi: mwache aseme habari ya somo kwa sauti yake, kisha msikilize pamoja. Hesabu zifundishe kwa vitu. Mpe jerikani ya lita 20 na kikombe cha nusu lita, akadirie ni vikombe vingapi, kisha ahakikishe kisimani. Mtume dukani na shilingi 500 akuletee chenji na maelezo yake. Mpe kipande cha shamba, hatua nne kwa nne, apande sukuma, apime kila juma majani yamekua kiasi gani, achore picha. Hiyo ni hesabu, ni sayansi, na ni kilimo, wala hakufungua kitabu.

La sita, utafute ubawa wake. Wazee walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Yuko mtoto ambaye ubawa wake ni mikono: ataunda gari la waya lenye usukani unaozunguka. Mwingine ni wimbo. Mwingine ni mifugo. Mwingine ni maneno ya kinywa. Kila siku ya juma, mpe mtoto nafasi ya kufanya lile analoliweza mbele ya watu wa nyumbani, na wamsifu kwa haki. Mtoto aliyesifiwa kwa jambo moja la kweli atapata moyo wa kurudia jambo lililo gumu.

USIFANYE KAZI HII PEKE YAKO

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi wazazi wawatoe watoto shuleni. Nchini kwetu elimu ya msingi ni ya lazima kwa sheria iliyotungwa mwaka 2013, na mzazi anayetaka kumfundisha mtoto nyumbani tu, aende kwanza ofisi ya elimu aulize taratibu, asifanye kwa siri. Kwa wengi wetu, kufundisha nyumbani maana yake ni jioni, na Jumamosi, na likizo, tukisaidiana na shule.

Kabla ya yote, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio, maana wako waliodhaniwa kuwa wazito kumbe hawaoni ubao. Kisha nenda kituo cha tathmini ya elimu cha serikali. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuonyesha kilipo. Jijini Nairobi, huko Kasarani, kuna Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo huwafundisha walimu kazi hii na pia huwapima watoto. Ukipata maelezo, mpelekee mwalimu wa darasa. Nenda kwa upole, usiende kwa ugomvi. Mwambie, “Mwalimu, mtoto wetu anafahamu akielezwa kwa mdomo. Twaomba umwulize kwa mdomo pia.” Walimu wengi watafurahi kupata mzazi anayekuja na neno la kusaidia.

Na sisi kanisani tuna sehemu yetu. Walimu wa shule ya Jumapili, msimlazimishe mtoto kusoma fungu kwa sauti mbele ya wenziwe. Ulizeni nani apenda kusoma, atapatikana. Wachungaji wenzangu, mtoto anayejiandaa kwa kipaimara asizuiliwe kwa kuwa hawezi kusoma Katekisimo. Afundishwe kwa sikio, ajibu kwa kinywa. Imani huja kwa kusikia, na Warumi sura ya 10 inatufundisha hivyo. Akina mama, katika chama chenu hamkosi mwalimu aliyestaafu ambaye jioni zake ni ndefu. Mmefikiri kumwomba awaite watoto wanne au watano kwake Jumamosi?

Tena yuko baba mmoja anayenisikiliza. Hujapata kukubali kusoma somo kanisani. Kila ukiombwa unasema umesahau miwani. Watoto wako hawajui, na pengine hata mama yao hajui. Leo umesikia habari za mtoto, ukajitambua. Ndugu yangu, hukuwa mjinga. Hukukutana na mtu wa kukufundisha kwa njia yako. Ikiwa mtoto wako amerithi shida hiyo, wewe ndiwe unayeijua taabu yake kuliko mwalimu yeyote. Mwite, mwambie. Neno lako moja, “Hata mimi ilikuwa hivyo,” litamtua mzigo ambao vitabu mia haviwezi kuutua. Kisha laleni unga juu ya sinia, mwanze pamoja.

HARUNI WAKE NI NANI?

Namaliza kwa kuwarudisha kwa Musa. Katika Kutoka sura ya 4, Mungu alipomwita, Musa alijitetea kwamba si msemaji, kwamba kinywa chake ni kizito na ulimi wake ni mzito. Ni kweli kwamba Bwana alimkasirikia, lakini alimkasirikia kwa kukataa kwenda, wala si kwa uzito wa ulimi. Hakumwita mvivu. Hakumwambia arudi kwanza akajifunze kusema kama wengine, ndipo atumwe. Alimpa Haruni ndugu yake awe kinywa chake, akampa fimbo mkononi, akamtuma kwa Farao na ulimi ule ule mzito. Na ni mtu huyo aliyewatoa watu wote Misri.

Basi, mama, baba, nyanya unayelea wajukuu, jioni ya leo mtoto wako atarudi kutoka shuleni na daftari lililojaa alama nyekundu. Usilifungue kwanza. Mpe chai. Mwulize ameona nini leo, amesikia nini, amefahamu nini. Mwache aseme mpaka amalize. Halafu jiulize wewe mwenyewe: Haruni wa mtoto huyu ni nani? Huenda ni wewe.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyewaumba watoto hawa, kila mmoja na namna yake, wasamehe wote waliowaita kwa majina ambayo wewe hukuwaita. Utupe uvumilivu wa mara ya ishirini. Uwafungulie watoto wetu njia ambayo sisi hatukuiona, na uwape walimu wema nyumbani, shuleni na kanisani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.